Maharage ya Haidrojeni, Sabuni ya Mabukwe

Jumatatu, 30 Septemba

Loyce ametia haidrojeni mdomoni sasa hivi. Nimeitoa kwa kidole, akanichekea kwa vile vijino vyake vinne, halafu akatambaa upande wa pili wa mkeka kuifuata oksijeni.

Haidrojeni ni harage jekundu. Oksijeni ni harage jeusi. Mwalimu Badru, anayetufundisha kemia, alisema asiyeweza kuziona atomu kichwani atafute kitu cha kushika mkononi. Mimi nimeshika maharage kwa sababu ndiyo yaliyopo.

Nimeamua kuandika kila siku nitakayoweza mpaka mtihani upite. Niliishia kidato cha pili, nikapata ujauzito wa Loyce, nikaolewa na Longinus. Sasa nimerudi kwenye darasa la wasichana waliokatiza masomo, pale Kasulu mjini, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mwezi wa kumi na moja tunafanya mtihani. Nikifaulu naendelea hadi kidato cha nne, na siku moja nataka kuwa yule dada wa zahanati anayeweka tone la damu kwenye kioo na kukuambia una nini. Siku hizo tatu Loyce anabaki na mabukwe. Ndivyo tunavyomwita mama mkwe huku kwetu. Longinus yuko Manyovu anapakia malori, anarudi mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mabukwe akisema leo simshiki mtoto, sina darasa.

Jioni hii amesimama mlangoni akayatazama maharage yaliyopangwa kwenye mkeka. Amesema hiyo ni mbegu, anasubiri mvua aipande, si ya kuchezea. Nikamwambia nitayarudisha yote. Akasema atayahesabu.

Sijui kama alikuwa anatania. Kwa mabukwe huwezi kujua.

Jumatano, 2 Oktoba

Leo nimekosea mbele ya darasa zima.

Mwalimu aliandika ubaoni haidrojeni jumlisha oksijeni, mshale, maji. Haidrojeni inatembea wawili wawili, oksijeni pia wawili wawili. Ukitazama kushoto oksijeni ni mbili, kulia kwenye maji ni moja tu. Akaniita nisawazishe. Nikaona kazi rahisi, nikaweka kanamba kadogo ka mbili pembeni ya oksijeni ya maji, nikarudi kukaa na raha zangu.

Mwalimu Badru ametoka Tanga, ana maneno ya pole pole. Alimgeukia rafiki yangu Ernesta, akamuuliza kama angekunywa hicho alichokiandika mwenzake. Ernesta akasema kwa nini nisinywe, si maji. Mwalimu akasema si maji tena, ni ile dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu. Halafu akasema maneno ambayo nimeyapigia mstari.

"Namba ndogo ni mwili wa kitu, huigusi. Ukiigusa umekifanya kitu kingine. Namba kubwa ya mbele ni wingi wake. Hiyo ndiyo yako."

Njia nzima Ernesta ameniita Mama Vidonda.

Nyumbani nimerudia kwenye mkeka. Mekundu manne, meusi mawili. Kila jeusi likachukua mekundu mawili, yakatoka maji mara mbili. Hakuna harage lililobaki peke yake, na hakuna lililotoka hewani. Nikapiga kofi moja, Loyce naye akapiga.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mawingu upande wa Burundi, lakini mvua hakuna. Loyce ana mafua.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mabukwe amehesabu kweli. Harage moja jekundu halipo. Nimetafuta chini ya mkeka, nimetafuta hata kwenye nepi. Amesema kwa hiyo kemia inakula mbegu.

Leo amepika sabuni, na niandike jinsi anavyopika maana siku moja nitamweleza Loyce. Anachoma maganda ya ndizi. Majivu anayaweka kwenye ndoo yenye matundu chini, anayamwagia maji, na yanayochuruzika yanatoka na rangi ya chai. Hayo anayaonja kwa ncha ya ulimi. Yakiuma kidogo, bado, anayachemsha yapungue. Yakiuma hasa, anayachanganya na mawese na kukoroga mpaka mkono uchoke. Alifundishwa na mama yake wakiwa Burundi, akaja nao huo ujuzi kwenye kambi ya wakimbizi, akatoka nao kambini akaja kuolewa hapa.

Na ina mwiko. Sabuni ikianza kupikwa mpaka ishike, hakuna anayesema karibu nayo. Iliyosemewa haishiki. Siku ya sabuni nyumba yetu inakuwa kama ina mgonjwa. Ukitaka chumvi unaonyesha kwa mdomo. Hata Loyce ameshajua, akimwona bibi yake na mwiko mrefu anaweka kidole puani, kumbe alitaka kuweka midomoni.

Sabuni yake ni nzuri kwa ngozi lakini ni laini, inakaa kwenye kopo. Siku hizi watu wa sokoni Kasulu wanataka mche unaokatwa kwa kisu. Kwa hiyo amenunua kostiki, vipande vyeupe kama chumvi ya mawe, vimefungwa kwenye nailoni mara tatu. Amekiweka juu ya kabati kile kifurushi. Mimi nimekisogeza juu zaidi, kwa ajili ya Loyce.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemuuliza mwalimu mbona sabuni ya majivu ni laini. Alifurahi mpaka akakaa juu ya meza. Amesema majivu ya maganda ya ndizi yana potasiamu, na potasiamu inazaa sabuni laini. Kostiki ina sodiamu, hiyo inazaa ngumu. Mafuta ni yale yale. Ndani ya chungu mafuta yanaachana na nafsi yake ya kwanza, yanashikana na sodiamu, na ile ya mwanzo haipo tena. Huo ndio mmenyuko. Kuchanganya mchanga na chumvi si mmenyuko, maana chumvi unaweza kuirudisha. Sabuni huwezi kuirudisha ikawa mawese.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwalimu ameleta kipande cha sufuria kuukuu, kostiki kidogo na chupa tupu ya glasi. Ametusimamisha mbali, madirisha wazi. Aliweka maji kwanza, kostiki baadaye, akasema usigeuze, ukimimina maji juu ya kostiki inaweza kukurukia usoni. Chupa ikapata joto bila moto. Halafu akadumbukiza kipande cha sufuria. Kilianza kutoa mapovu, maji yakawa meusi meusi, na kile kipande kikawa kinaisha tunakiona.

Alumini inaliwa, na haidrojeni inatoka. Haidrojeni halisi, si harage. Inashika moto. Akasema vitu hivyo viwili havikai nyumba moja. Mlinganyo wake ni mrefu, umenitoa jasho, lakini nimeusawazisha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekaa na hili tangu asubuhi na sijui nilitie wapi.

Mabukwe aliamka mapema kupika sabuni ya kostiki kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa ndani namlisha Loyce uji na huku nasoma ile milinganyo kwa sauti ya chini, mambo huniingia hivyo. Nilipotoka na bakuli nikamwona ameweka kostiki kwenye sufuria yangu, ile kubwa ya alumini niliyopewa na shangazi siku ya harusi. Chungu chake cha majivu alikuwa ameona ni kidogo mno. Alikuwa anamimina maji.

Ikaanza kuchemka. Mabukwe aligeuka akanitazama na uso wa furaha kabisa, akanionyesha kwa mkono: tazama, inachemka bila moto. Aliona ni baraka. Na mimi nilijua ile ni nini. Nilijua kwa jina na kwa namba. Meko yalikuwa mbali hatua chache tu, na kuni zinawaka.

Nikanyamaza. Sabuni ilikuwa jikoni na yeye ni mabukwe. Nilichofanya ni kwenda kumwaga maji kwenye moto kana kwamba nimepitiwa. Alinikunjia uso lakini hakusema, mwiko ni mwiko.

Ikatoka rojo ya kijivu yenye harufu mbaya. Haikushika. Sufuria yangu imetoboka, ukiiinua juani unaona nyota.

Jioni, alipokwisha kuimwaga shimoni, mabukwe alisema alinisikia. Nilikuwa nasema ndani. Naisemea sabuni na maneno ya Kiingereza, itashika vipi?

Nikasema nisamehe, mama.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, hakuna darasa. Mabukwe amesema siku ya sabuni madaftari yafungwe. Nimekubali. Bado anamshika Loyce, hilo ndilo ninaloliangalia.

Jumatano, 16 Oktoba

Kutu leo. Chuma, oksijeni na maji. Ernesta amesema huo ndio mmenyuko pekee anaoufahamu, maana ameolewa pamoja na baiskeli kuukuu ya mumewe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua imetishia tangu asubuhi. Joto la kufa mtu, hakuna jani linalotikisika.

Mabukwe amejaribu tena. Safari hii alitumia ndoo ya plastiki kuyeyushia, maana sufuria haipo, na chungu chake cha chuma kwa kukorogea. Niliona nikashukuru kimya kimya. Alitia maji kwanza. Nikasema moyoni, Mungu yupo. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, Loyce mgongoni, daftari limefungwa ndani kama alivyotaka.

Akasubiri ipoe kidogo. Halafu akachovya kidole na kukipeleka mdomoni.

Nilisahau kabisa kwamba atafanya hivyo. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Maji ya majivu yanauma ulimi, unatema, unajua umefika. Kostiki haikungoji uteme.

Mkono wangu ulikwenda kabla yangu. Nilimshika mabukwe kifundo cha mkono, nikaking'ang'ania.

"Mama, usiionje. Itakula ulimi."

Hakuvuta mkono. Aliutazama mkono wangu juu ya mkono wake kama mtu anayetazama nyoka ametulia. Mukazana, mke wa mwana, hamshiki mabukwe hivyo. Hata kumpa maji anampa kwa mikono miwili. Na nilikuwa nimesema, juu ya ndoo yenyewe, kwa sauti ambayo jirani yetu Mama Nduwayezu aliisikia, maana alitokeza kichwa kwenye uzio.

Nikavuta dumu kwa mkono wa pili, nikaanza kumwagia kile kidole maji. Nikamwaga, nikamwaga. Alisugua kwa kidole gumba. Loyce alianza kulia mgongoni, nafikiri ndiyo sababu alisimama akasubiri mpaka dumu likaisha. Kisha akafunika ndoo, akaweka jiwe juu, akaingia ndani.

Tumekula kila mtu na sahani yake. Alipomaliza alisema, akiutazama ukuta:

"Kuanzia Jumatatu kila mtu ashike mwanawe."

Nimempigia Longinus. Amesema mwombe radhi tu, wewe unamjua mama. Nimeomba radhi kwa ajili ya mkono, nimeshindwa kuomba radhi kwa ajili ya maneno. Nimejaribu mara mbili nikiwa nimepiga magoti mlangoni kwake na hilo la pili halikutoka.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua. Imekuja mchana wote kwa pamoja. Sikwenda darasani.

Jumatano, 23 Oktoba

Sikwenda. Nimempeleka Loyce nje aguse matone.

Ijumaa, 25 Oktoba

Ernesta amekuja na pikipiki, matope mpaka magotini. Kaleta alichoandika. Amesema mwalimu anauliza, na kwamba nimlete tu mtoto darasani. Nimemwambia kuna chupa za asidi pale na huyu anameza mbegu. Akamtazama Loyce, akasema kweli.

Aliponong'ona je, mkwe wako bado, nikamwonyesha kwa mdomo kwamba yuko chumba cha pili. Mabukwe akakohoa. Ernesta akaondoka bila kumaliza chai.

Jumapili, 27 Oktoba

Tulitoka kanisani mvua ikiwa imepumzika. Mabukwe akaleta ungo wa mbegu na kukaa barazani kuchambua, kesho kutwa tunapanda. Sikuitwa, lakini nilikaa upande wa pili wa ungo. Loyce kati yetu. Tukachambua muda mrefu, mazima huku, yaliyotobolewa huku.

Alisema bila kuinua macho:

"Kilikuwa kinateleza."

Nikamtoa Loyce harage mkononi.

"Kidole. Wewe unamwaga maji, mimi nasugua, kinateleza tu. Nikajua hii ni sabuni. Tangu siku hiyo najiuliza imetoka wapi. Mafuta sikuwa nimetia."

"Mafuta yalikuwa yako, mama. Ya ngozi."

Akageuza kidole akakitazama. Pana kiganda chekundu kinachobanduka.

"Ilikuwa inanipika mimi."

"Ndiyo, mama."

Akachambua kidogo. Kisha akauliza, na sufuria je? Nikachukua maharage, nikamwonyesha pale pale kwenye ungo. Meupe yakawa alumini, meusi na mekundu yakawa maji na kostiki. Nikayahamisha moja moja ng'ambo ya mstari niliochora kwa kidole kwenye vumbi la maganda. Sufuria haikupotea, mama, imeingia ndani ya yale maji ya kijivu. Na haya mekundu mawili mawili yaliyobaki nje ndiyo yaliyokuwa yanachemka. Ni hewa inayoshika moto.

Alihesabu kushoto, akahesabu kulia. Aliogopa kunikubalia haraka, akahesabu tena.

"Basi haikuwa sauti yako."

"Haikuwa."

"Na siku ile ulijua."

"Nilijua tangu Jumatano yake."

"Ukanyamaza."

"Sabuni ilikuwa jikoni, mama."

Mabukwe alicheka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, kitenge kilimteleza begani, maharage yakaruka ungoni na Loyce akayafuata kama kuku.

"Ego, ndiyo," alisema akijifuta macho. "Tungekufa na heshima yetu."

Baadaye, tunaokota, aliuliza sasa bila ulimi mtu atajuaje kama imefika. Nikamwambia unapima kabla, si baada. Unapima mafuta kwenye mizani, unatafuta kostiki yake inayolingana, na huongezi kwa sababu mkono umependa. Ikizidi haina mafuta ya kushika, inabaki inatafuta ngozi ya mtu. Nimesema nitamwomba mwalimu anisaidie hesabu.

"Na kweli hakuna kinachopotea?" akauliza.

Nikasema kwenye mlinganyo, hakuna.

Akaokota harage la mwisho. Alitoka Burundi na ndugu watano, hapa alifika na mmoja. Alimbeba Loyce, akamfunga mgongoni kwa kitenge chake mwenyewe, akasema kesho niwahi pikipiki maana njia imeharibika.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimekwenda darasani. Nimekuta wameniacha kidogo, si sana. Mwalimu amefanya hesabu ya sabuni na mimi, kisha akaifuta akaniambia nifanye peke yangu.

Jumanne, 29 Oktoba

Leo tumepanda haidrojeni. Na oksijeni yote.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua kila siku. Nguo za Loyce hazikauki.

Jumamosi, 9 Novemba

Mabukwe amepima. Tuliazima mizani dukani, tukapima mawese, tukapima kostiki, Loyce amepelekwa kwa Mama Nduwayezu tangu asubuhi. Ndoo ya plastiki, chungu cha chuma. Kabla hajaanza alinitazama na kuuliza kama kuna jambo la kusema, niseme sasa. Nikasema hapana, mama. Tukafunga midomo wote wawili, akakoroga, nikampokea, akakoroga.

Mwiko wake wa kutosema ameuacha palepale. Sikutaka auondoe. Nilivyomtazama anakoroga kimya nimefikiri huenda mama yake aliuweka ili watu waangalie wanachofanya.

Jumapili, 10 Novemba

Imeshika. Inakatwa kwa kisu. Mabukwe ametembea na kipande kanisani ndani ya mkoba.

Jumatano, 13 Novemba

Mtihani wa kemia ni keshokutwa. Usiku naona namba ndogo na kubwa zinagombana. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kinachechemea, lakini mwalimu ametukumbusha kwamba alama zenyewe hazina Kiha wala Kiswahili wala Kiingereza. H ni H hata Tanga.

Ijumaa, 15 Novemba

Asubuhi. Nimevaa sketi ya shule niliyoitoa pindo. Kalamu mbili, rula. Pikipiki bado.

Kuna kitu nataka kukiandika kabla sijatoka. Pembeni ya ngazi, pale Loyce anapopenda kukaa, pameota harage. Lina majani mawili na bado limebeba ganda lake jekundu kichwani. Mabukwe ndiye aliyeliona. Amenivuta mkono kimya akanionyesha, kisha akainua kidole kimoja: lile moja. Amelizungushia vijiti kuku wasiliguse.

Kimya, kwa sababu jana jioni amemimina sabuni nyingine na iko sebuleni ndani ya sanduku, imefunikwa gunia, haijashika bado. Kwa hiyo tangu jana nyumba yetu haisemi. Tumekunywa chai kwa ishara. Loyce yuko mgongoni kwa bibi yake, ameshiba, anatafuna ncha ya kitenge. Nimejiambia nitaondoka hivyo hivyo, nitapiga goti kidogo, naye ataitikia kwa kichwa, na itatosha. Sitaki kumharibia. Na kama nitasahau kila kitu huko, nitakumbuka hili, namba ndogo huigusi, kubwa ya mbele ndiyo yako, na kushoto na kulia lazima

Mabukwe ananiita. Yuko sebuleni, juu ya sabuni, na anaita kwa sauti yote, Ndayikunda, Ndayikunda we, pikipiki imefika, toka mwanangu usichele